Kivuli Kimegeuka Tope: Utatuzi wa Matatizo ya Rangi Pinzani kwenye Modeli za Ndege

Malalamiko ni yale yale. Njano imekuwa kijani. Kijani kimekuwa tope. Mistari ya paneli, yaani maungio ya mabati ya ndege, imebaki na zambarau inayopiga kelele, na mwenye modeli anamalizia kwa kusema afadhali angetumia nyeusi tu, mambo yakaisha. Kwa ndege moja moja huenda ana haki. Lakini mara nyingi mbinu yenyewe, ya kupaka kivuli kwa rangi pinzani badala ya nyeusi, haina kosa. Kosa liko kwenye kiasi, au kwenye kutojua rangi ya msingi imebeba nini ndani yake.

Rangi pinzani ni zile zinazotazamana kwenye gurudumu la rangi: nyekundu na kijani, buluu na machungwa, njano na zambarau. Kila pigmenti, yaani chembe inayoipa rangi rangi yake, hufyonza sehemu ya mwanga na kurudisha iliyobaki. Ukichanganya mbili zinazotazamana, moja inafyonza kile ambacho mwenzake angekirudisha, kwa hiyo mchanganyiko unapungua ukali na kuingia giza. Hapo ndipo kivuli kinapopatikana. Kazi ya pinzani ni kushusha makali ya rangi ya msingi, basi. Ukiitazama ndege na ukaweza kuitaja pinzani kwa jina lake, ujue imezidi.

Dalili zimepangwa hapa chini, na katika kila moja sababu inayotokea sana imetangulia. Usiruke ukaguzi mwepesi ukakimbilia kuvua rangi yote. Modeli nyingi zimeharibikia kwenye kuvuliwa.

Kabla hujagusa kitu

Acha ikauke kabisa. Akriliki za maji huwa na umaziwa zikiwa mbichi, na zikikauka zinazidi weusi. Kivuli kilichokuridhisha kikiwa kibichi kinaweza kuwa kizito mno asubuhi, na kilichokutisha kinaweza kuwa sawa.

Kisha peleka modeli dirishani mchana, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja. Balbu ya umanjano inaiua buluu na kuipamba machungwa, na hiyo peke yake inaeleza sehemu nzuri ya malalamiko. Mwisho, itazame kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kivuli cha modeli hakikusudiwi kutazamwa na pua ikigusa bawa.

Kama baada ya hayo bado kuna tatizo, chukua vijiko vya plastiki, vipake praima (rangi ya kutangulizia) ile ile na rangi ya msingi ile ile, ufanyie majaribio huko. Kijiko kina mviringo, kwa hiyo kinakuonyesha rangi ikiwa kwenye mwanga na ikiwa upande wa giza kwa wakati mmoja.

Dalili: njano imekuwa kijani

Hii ndiyo inayoongoza. Inawapata wanaopaka Piper J-3 Cub, ndege za mafunzo za njano, na zile pua za njano za Messerschmitt Bf 109 za mwaka 1940.

Sababu kubwa ni nyeusi. Njano na nyeusi huzaa kijani cha mzeituni, na wachanganyaji wa rangi wa zamani walikuwa wakikipata kwa njia hiyo hiyo makusudi. Jiulize kwanza: ulitia nyeusi, au ile rangi angavu (inayopitisha mwanga) ya moshi, kwenye kivuli? Kama hukutia, angalia chini. Ukiwa ulipiga mistari ya paneli kwa nyeusi kabla ya rangi ya msingi, nyeusi hiyo inachungulia kupitia njano, kwa kuwa njano nyingi ni dhaifu wa kuziba. Dalili yake ni ukijani unaofuata mistari tu, huku katikati ya paneli pakiwa safi.

Sababu ya pili ni zambarau inayoelekea buluu kuliko wekundu. Buluu iliyojificha ndani yake inakutana na njano, na sote tunajua buluu na njano huzaa nini. Ya tatu, isiyotokea sana, ni njano yenyewe kuwa na ukijani tangu kwenye chupa, kama ilivyo njano ya limau.

Tiba haihitaji kuvua kitu. Ukijani unauawa na wekundu: chukua rangi angavu ya machungwa, au kahawia yenye wekundu iliyozimuliwa sana, upulizie utando mwembamba juu ya kivuli peke yake. Tabaka moja, subiri, tazama. Mara nyingi ukijani unageuka dhahabu iliyochakaa, na hapo unaacha.

Kwa modeli inayofuata, anza na praima nyeupe au ya waridi, na mistari ya chini uipige kwa kahawia yenye wekundu badala ya nyeusi. Kivuli kichanganye hivi: dondosha matone 10 ya njano kwenye kisahani cheupe, kisha uguse zambarau yenye wekundu kwa ncha ya kijiti cha meno. Mguso wa kwanza unaondoa mng'ao tu. Usipoweka tone la njano safi pembeni hutaona kama kuna kilichobadilika. Ukiongeza, inakuwa rangi ya nyasi kavu. Ukizidi kuongeza inafika haradali, halafu kahawia, na ukishafika kahawia hakuna njano ya kuirudisha bila kujaza kisahani. Kivuli cha bawa la njano kinakaa kati ya mguso wa kwanza na nyasi kavu. Haradali iwekee maungio ya sehemu zinazochezacheza za mabawa na mkia, pamoja na pale bawa linapokutana na bodi.

Dalili: kivuli kimekuwa tope, rangi imekufa

Kivuli si cheusi, si cha rangi yoyote, ni kijivu-kahawia kisicho na uhai, na ndege inaonekana imesahauliwa chini ya kitanda.

Kwanza, pinzani imezidi. Watu huanza na nusu kwa nusu kwa sababu gurudumu limewaambia rangi hizi ni jozi. Nusu kwa nusu ndiyo njia ya kupata kijivu! Anza na tone 1 la pinzani kwa matone 10 ya msingi, na kwa pigmenti zenye nguvu kama buluu na kijani za fthalo hata tone ni kubwa. Tumia ncha ya kijiti.

Pili, rangi zako ni mchanganyiko wa mchanganyiko. Rangi za modeli zinazouzwa kwa majina ya kijeshi zina pigmenti kadhaa ndani ya chupa moja, mara nyingi pamoja na nyeusi na nyeupe. Ukichanganya kijani cha aina hiyo na kahawia ya aina hiyo, umeweka pigmenti sita au saba kwenye kikombe. Ya msingi huwezi kuibadilisha, lakini pinzani iwe ya pigmenti moja. Wino za akriliki na rangi za mafuta za wasanii huandikwa namba ya pigmenti kwenye lebo: PV19 ni zambarau-waridi ya kwinakridoni, PB29 ni buluu ya ultramarini, PBr7 ni kahawia za udongo. Lebo yenye namba moja ndiyo unayoitaka.

Tatu, kuna nyeupe mahali. Nyeupe ya titani, PW6, ikiingia kwenye kivuli inaleta uchokaa: kivuli kinakuwa cheupe-cheupe badala ya kuzama. Chunguza chupa ya pinzani. Zambarau ya urujuani hafifu na machungwa ya pastel zina nyeupe tele, na hazifai kazi hii hata kidogo.

Nne, umechanganyia juu ya modeli. Rangi ya mafuta iliyosuguliwa kwa brashi mbichi juu ya nyingine mbichi inaendelea kuchanganyika hadi yote iwe moja. Weka, vuta mara chache kuelekea upande ambao upepo na mvua vingepita, kisha toa mkono.

Ili kuokoa: usiongeze pinzani zaidi ukidhani utaifufua, na usiweke nyeusi. Chukua rangi ya msingi safi, izimue kwa tina (kiyeyushi cha rangi) hadi iwe sehemu 1 ya rangi kwa 9 za tina, upulizie katikati za paneli hadi uhai urudi, ukiacha tope libaki kwenye kingo tu. Tope dogo kwenye kingo, likizungukwa na rangi safi, linasomeka kama kivuli.

Dalili: pinzani inaonekana yenyewe

Mistari ya zambarau juu ya njano, mistari myekundu juu ya kijani. Ndege imekuwa na mishipa.

Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa aliyesimamia idara ya kutia nyuzi rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins huko Paris, alichapisha mwaka 1839 kazi yake kuhusu jambo hili. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi vya kutosha. Akagundua kwamba dawa ya rangi haikuwa na kosa, bali rangi za jirani zilikuwa zikibadilisha namna jicho linavyoiona nyuzi. Rangi pinzani zikichanganywa huuana, lakini zikikaa bega kwa bega kila moja humchochea mwenzake. Kwa anayepaka modeli, hii ndiyo habari yote: zambarau ile ile inayotuliza njano ikiwa ndani yake, inailipua ikiwa kando yake.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni kuipaka pinzani ikiwa safi, bila kuichanganya na msingi. Kivuli kinachopakwa juu kiwe na rangi ya msingi kwa sehemu kubwa. Sababu ya pili ni pinzani iliyopigwa chini ya msingi, ikafuatwa na msingi mwepesi mno au usio sawa. Mbinu ya kuiweka chini ni nzuri, mwanga unapita kwenye tabaka la juu na macho yanafanya mchanganyiko yenyewe, lakini inadai matabaka mengi membamba na subira ya kusimama mahali pake. Ya tatu ni pinzani yenye ukali kuliko msingi. Kijani cha kijeshi kimefifia. Ukikipa jirani mwekundu wa gari la zimamoto lazima ashinde. Mpe kahawia yenye wekundu.

Tiba ni utando wa rangi ya msingi uliozimuliwa sana, ndege nzima, tabaka moja baada ya jingine. Makali yanashuka kila tabaka. Acha kabla hujaridhika kabisa, kwa sababu vanishi ya mati (isiyong'aa) bado inakuja na yenyewe itapunguza kidogo.

Dalili: huoni jozi ya rangi yako kwenye gurudumu

Hapa wengi wanakwama, na ni haki yao. Gurudumu lina njano na zambarau. Ndege zina Olive Drab, ya jeshi la Marekani, na RLM 76, namba ya rangi ya wizara ya anga ya Ujerumani. Rangi ya kijeshi karibu kila mara ni rangi ya gurudumu iliyokwisha kufifishwa, kwa hiyo kazi ni kumtambua mzazi wake. Tia tone lake kwenye matone mengi ya nyeupe. Mwelekeo uliokuwa umejificha utajitokeza.

Olive Drab ya Marekani, licha ya kuonekana kijani, ina njano kubwa ndani yake. Ndiyo maana kivuli chake kizuri kinatoka kwenye zambarau iliyochafuliwa na kahawia, si kwenye nyekundu. Dark Earth ya ndege za Uingereza za 1940 ni kahawia inayotokana na machungwa, na buluu iliyoiva inaizamisha vizuri. Jirani yake kwenye Spitfire ile ile, Dark Green, inataka kahawia yenye wekundu. Hapa tahadhari: rangi mbili za kamafleji zinahitaji pinzani mbili. Ukipiga kivuli kimoja juu ya zote, moja itatulia na nyingine itachafuka. Sky, ya tumboni, ni kijani-njano hafifu sana. Tone la zambarau yenye wekundu linatosha, na tosha lenyewe ni dogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa rangi nyepesi hazifichi kitu. Kuanzia Agosti 1941 ndege za kivita za Uingereza zilibadilishiwa kahawia kwa Ocean Grey. Kijivu hicho kina ubuluu, kwa hiyo kivuli chake ni kahawia ya machungwa iliyoungua, ile PBr7.

Ndege za Ujerumani zina mtego mzuri. RLM 74 ni kijivu chenye ukijani na RLM 75 ni kijivu chenye uzambarau, na zinakaa pamoja juu ya bawa moja. Zinakaribia kuwa pinzani zenyewe kwa zenyewe! Ukitaka kivuli cha 75, chafua kwa mzeituni kidogo. Cha 74, kwa kahawia yenye zambarau. RLM 76 ya chini ni buluu-kijivu hafifu: machungwa yaliyozimuliwa, kwa uchache.

Buluu nzito ya jeshi la majini la Marekani, Glossy Sea Blue ya kuanzia 1944, nisingeisumbua na pinzani kwenye kivuli. Imeshakuwa nyeusi vya kutosha. Kazi yote iko kwenye kuifanya nyepesi kwenye paneli za juu ambako jua limeila, na machungwa kidogo ndani ya rangi hiyo nyepesi yanazuia isiwe buluu ya nguo za mtoto mchanga.

Nyekundu, tuseme Fokker Dr.I ya Manfred von Richthofen: kivuli ni kijani kidogo, na kama kijani kinaleta kahawia mno, jaribu kijani kinachoelekea buluu. Sehemu za mwanga zitoke kwenye machungwa. Nyeupe ikiingia kwenye nyekundu umepata waridi, na hapo modeli imekwisha.

Kijivu cha kisasa kama FS 36375 (namba ya rangi ya serikali ya Marekani) cha F-16 kinaonekana hakina mwelekeo, lakini tone kwenye nyeupe litakuonyesha ubuluu wake. Kahawia hafifu tena. Chuma kisichopakwa rangi hakihusiki. Kivuli chake ni akisi ya vilivyo jirani, na hilo ni somo jingine.

Kuna wanaofanya yote haya sawasawa na bado kijani chao kinakuwa kahawia ya ajabu. Tatizo lao mara nyingi ni gurudumu. Gurudumu la wachoraji linajengwa kwa nyekundu, njano na buluu. La wapiga chapa linajengwa kwa siani (buluu-kijani), majenta (waridi-zambarau) na njano, na hapo pinzani ya kijani ni majenta, pinzani ya nyekundu ni siani. Pigmenti halisi hazifuati lolote kikamilifu. Kwa kijani kikali, majenta au nyekundu ya mvinyo huua kwa usafi kuliko nyekundu ya njano. Kijiko kiamue.

Dalili: ndege imekuwa ya miraba-miraba

Kila paneli ina ukingo mweusi na katikati nyeupe. Hakuna kosa la kemia hapa, ni kosa la mkono. Ndege halisi haichakai kwa kufuata mistari yote sawasawa: inafifia juu zaidi kuliko chini, inachafuka kwenye mizizi ya mabawa ambako mafundi hukanyaga, nyuma ya mabomba ya moshi na kuzunguka vifuniko vya mafuta. Ficha mistari mingi kwa msingi mwembamba, kisha chagua michache ya kuirudisha. Na kadiri skeli (uwiano wa modeli na ndege halisi) inavyokuwa ndogo, punguza tofauti. Kivuli kinachopendeza kwenye 1/32 ni kelele tupu kwenye 1/72.

Dalili: kivuli kimebadilika baada ya vanishi

Vanishi inayong'aa huzamisha rangi; ya mati hutawanya mwanga na kuzipandisha nyeusi kuelekea kijivu. Hilo si kosa. Ni kosa ikiwa umepima kivuli juu ya rangi ya mati, ukapuliza vanishi ya kung'aa ili kubandika stika za maji, ukashtuka ukarekebisha hapo hapo. Usirekebishe katikati. Piga vanishi ya mwisho kwenye kijiko kwanza, ufanye uamuzi kwa kukitazama.

Weupe wa ukungu ulioganda kwenye mikunjo ni jambo tofauti: vanishi ya mati haikutikiswa vya kutosha, au hewa ilikuwa na unyevu. Utando mwepesi wa vanishi ya kung'aa ya aina ile ile mara nyingi unaondoa ukungu huo, kisha unarudia mati siku kavu.

Dalili: buibui, vumbi, au ngozi iliyokunjamana

Rangi iliyozimuliwa kwa kivuli ni nyepesi kuliko ile uliyoizoea, na brashi ya hewa inataka mipangilio mingine. Michirizi inayokimbia kama miguu ya buibui inatokana na shinikizo kubwa mno au kukaa mahali pamoja. Shusha hadi kati ya 0.7 na 1 bar, kaa sentimita 2 au 3 kutoka kwenye modeli, na usogeze mkono kabla hujavuta kitufe. Vumbi linalokwaruza kidoleni ni rangi iliyokauka angani kabla ya kutua: sogea karibu, au tumia tina inayokauka polepole. Vumbi likishakauka, msasa laini sana wenye maji unaliondoa.

Kukunjamana ni habari nzito zaidi. Kunatokea pale kiyeyushi cha tabaka la juu kinapolila la chini, hasa laka (rangi yenye kiyeyushi kikali) juu ya enameli (rangi ya mafuta), au rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tina kali juu ya akriliki ambayo haijapona. Acha papo hapo. Usisugue, usifute, usiongeze kitu kingine kuokoa. Iache siku kadhaa; mikunjo midogo inalala yenyewe kiasi na msasa unamaliza. Kama plastiki yenyewe imelainika au imepasuka, eneo hilo halirudi kwa rangi. Ni kujaza na kuchonga upya.

Na kuna mipaka ambayo si ya modeli bali ya mwili wako. Ukipata kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu wakati unapuliza enameli au laka, zima, toka nje upate hewa, na hali isipoondoka haraka nenda kwa daktari. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa tina. Inatakiwa yenye vichujio vya mvuke wa viyeyushi. Rangi za wasanii zenye kadimiamu, namba PR108 na PY35 miongoni mwake, zipakwe kwa brashi ya nywele tu, wala zisipulizwe au kupigwa msasa mkavu. Vanishi za magari zenye kigumushi cha isosayaneti mwachie mpaka rangi wa magari mwenye chumba na vifaa vya hewa safi. Hakuna kivuli kinachostahili mapafu.

Kompresa nayo: shinikizo linalopanda bila kusimama, valvu ya usalama inayovuja, tangi lenye kutu au mwili wa mashine unaotia shoti ni kazi ya fundi. Chomoa waya kwenye soketi, usiifungue. Unachoruhusiwa ni kutoa maji tanginini baada ya hewa yote kuisha.

Dalili: wewe unaona sawa, wengine wanaona jingine

Anza na taa. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, hasa pale kivuli kimechanganywa kwa pigmenti tofauti na za msingi, na kivuli cha pinzani ndicho hivyo hasa. Tafuta taa ya meza yenye CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa uhalisia) ya 90 au zaidi na joto la rangi la kama 5000 K, upakie hapo, na ukague tena dirishani. Kama modeli itakaa kabatini chini ya taa yake, ikague na huko.

Simu ndiyo ya pili kushukiwa. Kamera inarekebisha weupe yenyewe na kupandisha ukali wa rangi. Kivuli kilichotulia mezani kinatoka cha zambarau kwenye picha. Weka karatasi nyeupe kando ya ndege unapopiga, utajua nani anadanganya.

Ikiwa si taa wala kamera, na ikawa mara kwa mara unaambiwa kivuli chako cha kijani ni chekundu au kahawia, fanya kipimo cha macho. Upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani unampata takribani mwanamume 1 kati ya 12 miongoni mwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, na wengi wanaishi nao bila kujua. Vipimo vya kwenye skrini haviaminiki; nenda kwa mtaalamu wa macho. Ikiwa mabadiliko yamekuja ghafla, au ni jicho moja tu, usingoje wikendi iishe.

Mwenye upungufu huo bado anaweza kupiga kivuli cha pinzani, kwa kupima badala ya kutazama. Hesabu matone, andika namba ya pigmenti na idadi kwenye mpini wa kila kijiko, uvihifadhi. Kisha piga picha ya modeli, uigeuze nyeusi na nyeupe kwenye simu: kama kivuli kinasomeka hapo kuwa cheusi kuliko msingi kwa hatua ndogo, kimekaa.